Mawe Yaliyosuguliwa

Siku wifi yake alipokuja kuchukua matumbawe ya tangi la samaki, mjane hakubishana. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa msiba, na wifi alishasema kuwa ni mali ya kaka yake, basi. Akabeba mawe, akabeba matumbawe, akabeba na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa, jike na dume, waliozoea kula mkononi mwa mjane. Akamwachia kitangi cha jikoni chenye kijiwe kimoja na konokono wawili watatu.

"Hicho bakia nacho, ucheze nacho," alisema.

Mjane akafunga mlango nyuma yake. Matumbawe yale aliyalea yeye tangu yakiwa vipande kama ukucha. Marehemu kazi yake ilikuwa kununua matangi ya vioo na kujisifu kwa wageni, Mungu amrehemu. "Yatarudi," mjane alijiapia. "Na atayaleta mwenyewe, kwa mikono yake."

Haukupita muda mrefu, wifi akamwita aje kuona tangi jipya. Lilijaza ukuta mzima wa sebule, kubwa kama kabati la nguo, na taa za buluu juu yake.

"Waonaje, wifi? Ninyi mlihangaika na maji, kutwa kupima maji kama watu wa maabara. Dawa ni ukubwa! Tangi kubwa halichafuki ovyo."

Hapo hakukosea. Maji mengi huchelewa kuharibika. Mjane alikaribia kumkubalia, ndipo alipoyaona mawe. Yalikuwa meupe pe.

"Mawe umeyafanyaje?"

"Usiniambie! Yalikuwa na utelezi, nikaona aibu. Nimeyasugua kwa brashi na maji ya bomba, nikayaanika juani mpaka yakatakata."

Mjane akaliona kosa. Utelezi ule ndio uliokuwa hai. Ndio uliokula uchafu wa samaki. Bila huo, uchafu ungegeuka sumu, hata tangi liwe kubwa kama nyumba. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Yamependeza," alisema.

Wifi akafurahi kama mtoto. Akamvutia kiti karibu na kioo, akamwekea mto mgongoni, maana alijua mgongo ule humsumbua. Mjane akauegemea mto, ukamfaa sana, na bado hakusema.

Wiki haikuisha, simu ikalia.

"Wifi, njoo! Maji yamekuwa kama maziwa, samaki wanatweta juu juu!"

"Nije kufanya nini? Mie wa vitangi."

"Nakuomba, dada yangu. Nimebadilisha pampu, nimezima taa, nimefanya kila kitu."

"Walete kwangu, na matumbawe yao. Uwabebe wewe mwenyewe."

Wifi akaja kwa miguu na ndoo mbili, maji yakimwagikia viatu. Jirani aliyekuwa akifagia mlangoni hakuweza kujizuia. "Makubwa! Mama wa tangi la ukutani, leo unahama na ndoo?"

Mjane alimsikia kutoka ndani, akachelewa kufungua kusudi, jirani apate kucheka vizuri. Utamu ulioje! Kisha akafungua, akainamia ndoo ya kwanza. Matumbawe mengi yalikuwa mifupa mitupu. Machache yalibaki na rangi kidogo pembeni. Katikati yake alizunguka samaki mmoja, yule dume.

"Mwenzake?"

"Nimemkuta chini alfajiri." Wifi akafuta uso kwa mkono uliolowa. Kisha akamtazama, akamtazama tena. "Siku ile uliponiuliza mawe. Uliona, siyo?"

"Niliona."

Wifi hakutukana. Aliingia jikoni, akakigeukia kitangi. "Na hiki kidogo hivi, kitawatosha?"

"Kwa waliobaki, kinawatosha," alisema mjane, akachukua kikombe, akaanza kumwongezea yule dume maji ya kitangi ndani ya ndoo, kidogo kidogo, asije akashtuka.