Umbali wa Lisboa

Baba alipofariki, kaka yangu Nuro ndiye aliyebaki kuwa walii wangu. Yeye ndiye wa kuniozesha, na yeye yuko Lisboa, Ureno. Mudi alileta posa kabla ya mvua za mwaka juzi. Mama aliipokea, ila akasema harusi imngoje Nuro, aje mwenyewe aketi mkekani ampe Mudi mkono.

Kila akipigiwa simu, Nuro husema, "Mama, huku ni mbali mno. Vuteni subira."

Mama akavuta subira. Mimi nilinyamaza, maana msichana haulizii harusi yake.

Wiki iliyopita alikuja Chamima, shangazi yake Mudi, hapa kwetu Olumbi. Alianza kusema kabla hajakaa.

"Mama Nuro, bwana harusi wangu anaota mvi! Mnamtaka, au tumvushe mpaka wa Namoto akaoe Tanzania?"

Mama akacheka kidogo. "Lisboa ni mbali, dada. Mtu hatoki huko kama anayetoka sokoni."

"Mbali kiasi gani?"

"Siku nyingi za ndege."

Chamima akatoa simu, akaiuliza kwa Kireno, akatusomea. Lisboa mpaka Maputo ni kilomita elfu nane na zaidi. Ndege inaruka masaa kama kumi na moja. Watu wanalala humo, asubuhi wako Maputo. Maputo mpaka Pemba hayafiki masaa matatu. Kisha ni barabara hii yetu.

"Soma tena," mama akasema.

Akasoma tena.

"Usiku mmoja?"

"Usiku mmoja, mama Nuro. Ukitia na kungojangoja viwanjani, haya, siku mbili."

Mama akainama. Tulipokimbia vita tulikwenda Namoto kwa miguu, bibi akiwa mgongoni mwa mama, na porini tulilala zaidi ya usiku mmoja. Nilijua anapima nini na nini.

"Mpigie," akaniambia.

Nuro alipokea kwa furaha, sauti yake tukiisikia sote. Mama hakumwuliza hali.

"Mwanangu, mpe baba yako mdogo Suleimane uwakili, amwozeshe dada yako Laila."

Nilidhani atakataa. Nilidhani atasema, ngojeni kidogo, nakuja.

"Ah, mama, vizuri kabisa! Nimempa," akajibu palepale. "Si mngesema tangu mwanzo?"

"Hatukujua," mama akasema.

Nuro akaaga, ana kazi. Chamima akapiga kigelegele. Hakuna aliyemwitikia, akakikatiza katikati. Mama alikuwa bado anaitazama simu.

"Ijumaa," akamwambia Chamima. "Msichelewe."

Majirani walikwisha sikia, wakaanza kuingia uani, mmoja akiniita bi harusi. Nikajifunika leso uso mzima, nikakimbilia chumbani. Niliwasikia wakicheka huko nje, wakisema naona haya.