Landirova Iliyonukia Mbuta

Haya, nakutega, na usinijibu mbio: ninaye mnyama mwenye matumbo manne. Kila tumbo lina mdomo wake ubavuni, na halishibi mpaka mate yadondoke.

Umesema ng'ombe. Nilijua tu! Wote husema ng'ombe. Lakini ng'ombe ana mdomo mmoja, na tena ng'ombe gani atakubali mtu alale chini ya tumbo lake akimlisha? Umeshindwa. Nipe mji basi. Au ngoja, usinipe bado, maana habari yenyewe ninayotaka kukusimulia ni ya miji.

Palikuwa na mama mmoja hapo mtaa wa Sarang'ombe, jina lake Mildred, Mama Audrey kwa wateja wake, mjane, mkaanga samaki. Mbuta wake, yule samaki mkubwa wa ziwani, alikuwa akinukia mpaka mtu aliyeshiba anapapasa mfuko. Ulimi wake nao ulikuwa na pilipili kuliko kachumbari yake. Miongoni mwa wateja wake alikuwako fundi seremala, mjane mwenzake, anaitwa Mutuku. Huyu alitengeneza vitanda na makochi katika uwanja mdogo wa kupanga kando ya mtaa wa Ayany. Kwao ni Kitui, tena Kitui ya ndani, ng'ambo ya mto Tiva. Watu walimcheka: "Mkamba wa Kitui anakula samaki kila jioni, kwani ulizaliwa Homa Bay?" Yeye anacheka nao, anang'ata kichwa cha samaki, haondoki.

Jioni moja akabaki peke yake kwenye benchi. Akapangusa vidole, akasema, "Mama Audrey, utakuja na mimi Kitui nikakuonyeshe kwa mama?"

Mildred akajishughulisha na kikaango. Akageuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa. Mwishowe akasema, "Hicho kitendawili kigumu. Kimenishinda."

"Basi nipe mji."

"Chukua Kisumu."

Mutuku akachukua Kisumu, akaenda zake. Juma lililofuata akauliza tena, akapewa Siaya. Halafu Nakuru. Halafu Mombasa, na bandari yake. Alipopewa Kampala akasema, "Mama Audrey, sasa nina miji kuliko rais, na bado nalala peke yangu."

Mildred alicheka, lakini usiku ule hakulala vizuri. Si kwamba hakumpenda. Aliogopa kitu kimoja: afike kwenye boma la watu ambao lugha yao haijui, atolewe kiti cha mgeni, kile kizuri chenye kitambaa, aketi, na asitoke kwenye kiti hicho maisha yake yote.

Sasa Mutuku alikuwa na Landirova. Gari kuukuu, kubwa kwa umri kuliko Audrey, bintiye Mildred, ambaye ameshaolewa. Alilinunua likiwa chuma chakavu, akalifufua kidogo kidogo, leo mlango, kesho breki. Ni gari linalosukuma magurudumu yote manne, na mto Tiva hauvukwi kwa gari jingine, maana ni mchanga mtupu, unameza. Tena unavukika wakati wa kiangazi tu. Mvua ikinyesha mto unajaa, na walio huku wanabaki huku.

Ijumaa, binamu yake Kasyoka akapiga simu kutoka nyumbani: "Mutuku, mawingu yameanza kukaa. Kama unakuja, njoo Jumapili. Jumatatu usinilaumu."

Ndipo Jumamosi asubuhi Mutuku akaamua kubadilisha mafuta yote ya chini ya gari kabla ya safari. Mildred akasikia, akafunga kibanda, akaenda kuangalia. "Naja kuangalia tu," alijiambia. Akabeba mtungi wa mafuta yake ya kukaangia, ya jana, aliyoyachuja vizuri. Alitaka awakaangie watu wa Kitui samaki wa safari pale pale uwanjani. "Mama yako ale mbuta, hata kama mimi siji," alisema, akautua mtungi kivulini.

Hujauliza Mutuku alitia wapi mafuta ya gari. Kule Kawangware, duka la Ndungu, mafuta ya gia hupimwa kutoka kwenye pipa, uje na chombo chako. Na chombo hicho Mutuku alipewa na nani? Mildred! Mtungi wa manjano, ndugu wa tumbo moja na ule aliokuja nao. Nao ulikuwa kivulini.

Kazi ikaanza kwa furaha. Mutuku alilizungusha gari kwanza mpaka kituo cha Olympic na kurudi, mafuta yapate moto yawe mepesi. Kisha akalala chali juu ya katoni, akajisukuma chini.

"Mama Audrey, sheria ya kwanza. Usifungue nati ya kumwagia kabla hujafungua nati ya kujazia."

"Kwa nini?"

"Ukimwaga yote, halafu ile ya juu ikakataa kufunguka, utalilisha wapi? Utabaki na gari tumbo tupu."

"Usimtapishe mgonjwa kabla hujajua kama atameza."

"Umeelewa kuliko mafundi wote wa Ngong Road!"

Wakaanza na giaboksi. Mafuta yakashuka kwenye karai, meusi, yananuka kama yai viza, Mildred akaziba pua na khanga. Mutuku akafunga chini, akaingiza mpira mwembamba kwenye tundu la ubavuni. Mildred akasimama juu na faneli, anamimina polepole kutoka mtungini, mpaka Mutuku apige kelele, "Limeshiba! Linatema!" Maana hivyo ndivyo ujuavyo kwamba limejaa: mafuta yanaanza kudondoka nje ya tundu lenyewe. Wakaja kwenye giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Limeshiba! Wakaja kwenye difu ya mbele. Limeshiba! Mildred alikuwa ametokwa na jasho, amechafuka mpaka kwenye nyusi, anacheka kama msichana. Hakukumbuka tena kwamba amekuja kuangalia tu.

Ikabaki difu ya nyuma, ile nundu ya chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Mutuku akamwaga ya zamani, akafunga, akaita, "Leta chakula!"

Mildred, huku akimsimulia habari ya mteja aliyemeza mwiba, akainama kivulini, akainua mtungi, akamimina. Rangi ilikuwa ile ile, asali iliyoungua. Akamimina mpaka Mutuku akapiga kelele, "Limeshiba!" kisha akanusa.



"Mama Audrey."

"Eeh."

"Mbona nasikia njaa?"

Kabla hajajibiwa, paka wa jirani akatokea, mkia juu, akaingia chini ya gari, akaanza kulamba shati la Mutuku pale mafuta yalipodondokea.

"Yawa!" Mildred akaweka mikono kichwani. "Yawa, Mutuku, nimelikaangia gari!"

Alisubiri ukali. Alikuwa amewahi kuishi na ukali wa mume, aliujua unavyokuja: kwanza kimya, kisha spana inatupwa. Lakini chini ya gari kulitoka sauti nyingine. Mutuku alikuwa anacheka, anacheka mpaka anakohoa, paka amemkalia kifuani. "Safari hii hata simba wa Tsavo watatufuata!"

"Litavunjika?"

"Meno ya difu yanasaga chuma kwa chuma. Ukiyapa mafuta ya samaki, hatufiki Machakos. Tunamwaga."

Wakamwaga. Lakini kumwaga hakutoshi, ilibidi tumbo lisuuzwe. Mutuku akatia mafuta ya gia kidogo, akainua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono, akamwaga tena, akanusa. Mbuta. Akasuuza mara nyingine. Sasa pakawa safi, ila mtungi wa gia nao ukawa mkavu. Huko angani, upande wa mashariki, wingu lilikuwa limejikunja.

"Ndungu Jumamosi hufunga mapema," Mutuku alisema, akaketi kwenye katoni. "Na mimi sichanganyi mafuta ya huku na ya kule, gari hili ni mzee, tumbo lake jepesi. Basi. Nitaenda mvua zikiisha."

Hakumlaumu kwa neno hata moja. Alichukua tambara, akaanza kupangusa spana zake.

Unafikiri Mildred alikaa? Alinyakua mtungi mkavu akatoka mbio, faneli bado mkononi, aproni ya samaki kiunoni. Barabarani akamkuta kijana wa bodaboda, Ken.

"Niaje shosh, unaenda wapi?"

"Shosh ni nyanya yako! Kawangware, mbio kama upepo!"

"Sawa mathe, shikilia hapo!"

Wakashika Ngong Road, wakakata Naivasha Road, mtungi unagonga mgongo wa Ken kama ngoma. "Mathe, unanukia gereji na hoteli pamoja!" Ken alipaza sauti. "Angalia mbele!" Walipofika, Ndungu alikuwa amevaa suti ya harusi, ameshateremsha nusu ya mlango wa bati. Mildred akaweka faneli katikati ya mlango ili usishuke.

"Mama, nimefunga!"

"Hujafunga, namuona paka wako ndani. Nipimie mafuta ya difu, yale yale ya Mutuku."

"Haraka yote hii ya nini?"

"Kesho tunaenda Kitui kabla mto haujajaa, nipimie!"

Ndungu akavua koti, akapima.  Ndipo Mildred akayasikia maneno yake mwenyewe. Hakusema *anaenda*. Alisema *tunaenda*. Kitendawili kilichomshinda wiki zote hizo, amekijibu mbele ya mtu mwenye suti, katikati ya mapipa, na mwenye kukitega hayupo!

Njia nzima ya kurudi aliukumbatia mtungi kama mtoto.

Mutuku alikuwa pale pale kwenye katoni. Alipouona mtungi umejaa, aliinuka polepole kama mtu anayeogopa kuamka. Akaingia chini. Safari hii Mildred alinusa kwanza. Yai viza, si mbuta. Akamimina. Faneli ikavuta, ikavuta.

"Limeshiba!" Mutuku akapiga kelele. "Linatema mate, Mama Audrey, matumbo yote manne!"

Akakaza nati, akajitoa nje, uso mweusi, meno meupe. Wakatazamana. Upande wa mashariki ngurumo ikapiga, mbali, bado haijafika kwao.

"Natoka alfajiri," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kuzoea, "Sasa leo utanipa mji gani?"

Mildred akaufunga mtungi, akaupangusa kwa aproni, akauweka mbali kabisa na ule mwingine.

"Miji imeniishia, Mutuku. Nakuja. Ila mpigie mama yako simu sasa hivi, umwambie asinitolee kiti cha mgeni. Nikifika naingia jikoni, nakaanga samaki."