Kufuli na Pasipoti Yangu

Viti vya ule uwanja wa ndege vilikuwa na vyuma katikati, kati ya kila kiti na mwenzake, ili mtu asipate kujinyoosha. Aliyevibuni alimfikiria mtu kama mimi, akamchukia. Nilijikunja ubavu, nikajaribu kupenyeza miguu chini ya chuma, na kila nilipopata nafuu kidogo wifi yangu alinidunga kidole begani kama anayepima mkate umeiva.

"Kaa vizuri. Watu wanatuangalia."

"Wamelala, wifi."

"Waliolala ndio wanaoangalia sana."

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Kwao wanamwita Kufuli, ila si mbele yake. Vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zake wote anavyo yeye, na hati za viwanja, na funguo za akiba za nyumba ambazo hata hakai. Na kwao kuna utaratibu usiojadiliwa: mkisafiri, mkubwa ndiye anayeshika karatasi za wote. Ulianza zamani, baada ya baba mkwe kupoteza vitambulisho vya familia nzima kwenye kituo cha basi, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuuliza kama wakati umebadilika. Kwa hiyo siku ile, kabla hatujatoka mlangoni, wifi alinyoosha kiganja tu. Nikampa pasipoti yangu kama mtoto aliyeambiwa ateme pipi. Akaitia pamoja na yake kwenye kimfuko cha kitambaa, akakifunga kiunoni, ndani ya gauni.

Tulipaswa kufika usiku uleule. Mume wangu alitangulia kikazi mara baada ya harusi, mimi nikabaki kumaliza chuo, na sasa nimemaliza, wifi ananipeleka. Chuoni nilisomea kutengeneza meno bandia. Niliandika barua kwa kila karakana ya meno katika mji wa mume wangu, na moja tu ikanijibu: nije kesho yake saa tatu asubuhi, nikae mezani mbele yao, nichonge gego la nta. Nafasi ni moja. Asiyefika ataitwa mwingine.

Lakini ndege ya kwanza ilichelewa, na ya pili ikaondoka bila sisi.

Kwenye dawati la wanaobadilisha ndege tulimkuta dada mmoja mwenye mafua na kucha za zambarau. Wifi alizitoa pasipoti zote mbili akaziweka mbele yake, kidole juu, asije akazichukua moja kwa moja.

"Mtaondoka kesho mchana," dada akasema. "Anayefuata!"

Nikamweleza habari za usaili. Nilieleza kwa sauti yangu, ile ambayo mama alikuwa akisema inafaa kuongelea na kuku wanaoatamia.

"Ongeza sauti, dada. Hapa si msibani."

Nikarudia. Akapiga chafya, akatazama mashine yake.

"Kuna ya alfajiri. Imejaa, lakini kila siku kuna mtu haji. Kabla haijaanza kuita abiria nitafungua hapa. Mwenye pasipoti mkononi na aliyewahi mstari, huyo ndiye. Mtu mmoja."

"Mmoja tu?"

"Nimesema wawili? Na msinisimulie tena. Sishikilii kiti kwa ajili ya hadithi."

Wifi alicheka kwa pua. Akazikusanya pasipoti, akageuka ukutani, akazirudisha kiunoni. "Twende tukakae," akasema.

Tukakaa. Mbele yetu alikuwapo baba mmoja wa makamo, ameangusha kofia usoni na kuziba viti viwili kwa mizigo. Yeye naye aliachwa na ndege ileile. Alikuwa nyuma yetu pale dawatini, akapewa ya mchana kama sisi. Kiyoyozi kilitupulizia baridi ya bucha. Kila baada ya muda sauti ya kike ilitukumbusha, kwa upole wa uongo, kwamba mzigo usio na mwenyewe utachukuliwa na kuharibiwa.

"Wifi," nikasema, "naomba pasipoti yangu."

"Ya nini?"

"Nikapange mstari mapema."

"Mstari gani? Safari yetu ni ya mchana. Niliagizwa nikufikishe mkononi kwa mdogo wangu, sikuagizwa nikurushe kama kifurushi."

"Usaili wangu ni saa tatu."

"Wa meno."

"Ndiyo, wa meno."

"Umeolewa na mwanamume mwenye meno yake yote kinywani, bado unatamani ya watu!"

Kofia ya yule baba ikatikisika. Wifi akamgeukia papo hapo.

"Na wewe, umelala au unasikiliza redio?"

"Redio yenyewe haizimiki, mama," akajibu humo humo ndani ya kofia.

Nilimwandikia mume wangu. Akajibu upesi, kwa hiyo alikuwa macho: "Mwombe taratibu. Si unamjua dada." Nikaisoma mara mbili nikitafuta mahali alipoandika kwamba atampigia yeye mwenyewe. Hapakuwepo. Nikaifunika simu juu ya paja. Kumwomba taratibu! Tangu harusi sikuwa nimefanya jingine.

Nilipochoka na vyuma nikatandika mtandio wangu sakafuni, nikalala. Haukupita muda nikaona ncha ya kiatu karibu na pua yangu.

"Hakuna kulala chini," mlinzi akasema. "Amka."

"Viti—"

"Amka, nimesema. Unazuia njia."

"Njia ya nani?" Wifi alikuwa ameshasimama. "Unaona msafara hapa? Na toa kiatu chako usoni kwa mtoto wa watu. Huyu ni mtu, si mzigo uliotelekezwa."

Mlinzi akamtazama, akapima, akaenda zake kumwamsha mwingine. Nikafungua mdomo nishukuru.

"Usiniangalie hivyo," wifi akasema. "Unaniaibisha. Mke wa watu kulala chini kama gunia la viazi. Inuka."

Nikainuka. Kwa hiyo nikakaa wima, baridi ikinipanda mgongoni, nikamchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilichukia jinsi alivyopumua. Nilichukia ule mkono wake wa kulia, ambao hata alipopitiwa na usingizi ulibaki tumboni, umekamata kimfuko juu ya gauni. Kila kichwa chake kiliposhuka nilihesabu vidole vyake, nikatumaini kimoja kitalegea. Hakikulegea.

Halafu taa za dawati zikawaka. Dada wa kucha za zambarau aliketi, akapenga, akajifuta. Watu wawili watatu wakanyanyuka kutoka pembe mbalimbali wakijifanya hawana haraka.

"Wifi. Wifi! Wamefungua."

"Acha kelele."

"Nipe pasipoti yangu."

"Tumeshalizungumza hilo."

"Wewe ndiye uliyezungumza."

Akafumbua jicho moja. "Nini?"

Nikasimama. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Iligonga dari na kurudi. "Naitaka pasipoti yangu! Ina picha yangu, ina jina langu, nimeipigia foleni mwenyewe! Nipe!"

Ukumbi mzima ukazinduka. Mtoto akaanza kulia. Yule baba akaivua kofia kabisa, akakaa vizuri kama mtu aliyelipia tiketi. Wifi alitazama kulia, akatazama kushoto, na aibu ikampanda usoni. Akageuka ukutani, akapekua ndani ya gauni bila kutazama, akanitupia pasipoti kifuani.

"Chukua! Nenda! Na ukifika usimwambie mtu kwamba unanijua."

Nilikimbia. Nikamtangulia kwa hatua moja kijana mwenye begi jekundu, naye akaguna nyuma yangu. Mbele yangu aliyekuwepo alikuwa anauliza tu habari za mzigo, akapewa karatasi ajaze pembeni. Zamu yangu ikafika. Dada akafungua pasipoti, akaitazama picha, akanitazama.

"Umezeeka kwa usiku mmoja."

Akaigeuza nione. Picha ilikuwa ya wifi, kakunja uso kama anayemdai mpiga picha maelezo. Pasipoti zetu zilikuwa za jalada moja, zimelaliana tumboni mwake safari nzima, na kwa hasira alitoa iliyotangulia kwenye vidole.

"Ni ya wifi yangu," nikasema. "Yangu anayo yeye. Yuko pale tu."

"Namalizia huyu wa mzigo karatasi zake. Nikimaliza, kama hujarudi, namchukua begi jekundu."

"Mchukue sasa hivi," begi jekundu akasema. "Nipo hapa."

Niliporudi wifi aliniona kwa mbali, na uso wake ukachanua. "Wamekukataa, eh?"

Nikainua pasipoti, nikaifungua kwenye picha.

Mkono wake ukaenda tumboni. Akakipapasa kimfuko juu ya gauni.

"Lete."

"Lete yangu kwanza."

"Unanitisha? Mimi?"

"Sikutishi. Tunabadilishana."

"Nitampigia mama mkwe wako sasa hivi."

"Mpigie. Lakini utampigia ukiwa huna pasipoti."

Nilishtuka mwenyewe kuyasikia maneno hayo kinywani mwangu. Wifi akaniangalia kama nimemzaba kofi. Halafu akatazama juu, kwenye ule ubao mkubwa ambao mistari yake inapinduka pinduka, na aliposema tena alisema polepole, ili wengine wasisikie.

"Na mimi nibaki na nani?"

"Vipi?"

"Huo ubao unageuka kabla sijamaliza kusoma mstari mmoja. Sijawahi kupanda ndege kabla ya jana, si unajua? Hujui. Nilikuwa natembea mbele, ndiyo, lakini kila penye kona nilikuwa nasubiri wewe ugeukie wapi. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akisimama kila njia panda ya ule ukumbi na kunigombeza kwamba natembea kama konokono. Moyo wangu ukalainika. Ni moyo unaolainika upesi, na watu wengi wameshautumia. "Basi nitabaki" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikatazama dawatini. Wa mzigo alikuwa anatia sahihi.

"Mlango wa ndege yako ni ule," nikasema. "Ule wa nyuma ya duka la manukato. Hauendi popote. Kaa hapahapa, na huyu baba anaondoka na ndege hiyohiyo. Akinyanyuka, nyanyuka."

"Msiniingize kwenye mambo yenu," baba akasema.

"Unaondoka mchana au huondoki?" nikamuuliza.

"Naondoka. Lakini simshiki mtu mkono."

"Nani kakwambia anautaka mkono wako?" wifi akamfokea. "Ziba viti vyako huko!"

"Wifi, nipe. Nikimaliza usaili nitakuja uwanjani kukupokea."

"Usije."

"Nitakuja."

"Nimesema usije. Ukiondoka leo, mimi nitafika peke yangu kama mkimbizi, na wote watauliza nimemwacha wapi bibi harusi. Nitawajibu nini?"

"Waambie nimekwenda kazini."

Akatia mkono ndani ya gauni. Safari hii hakugeukia ukuta. Akatoa pasipoti yangu, akanyoosha, nami nikanyoosha yake, na kila mmoja akashika iliyo mkononi mwa mwenzake bila kuiachia aliyonyoosha. Tulisimama hivyo, kama watu wawili wanaovutana shuka. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Achianeni basi," baba akasema. "Mwenye begi jekundu anasogea."

Nikaachia mimi kwanza, zote mbili. Angeweza kuzivuta zote mbili. Nilijua hivyo nilipokuwa nafungua vidole. Alizitazama, moja huku na moja kule. Kisha akanisukumia yangu tumboni, kwa nguvu, ikauma.

Begi jekundu alikuwa ameshaweka kiwiko juu ya dawati.

"Alitoka mstarini!" akalalamika. "Mstari haurudiwi!"

"Nilimtuma mimi," dada akasema bila kumtazama.

"Kwa nini? Ni ndugu yako?"

"Ningekuwa na ndugu ningekuwa kazini saa hizi na mafua? Ondoa kiwiko."

Maisha yangu yote nimewaomba radhi hata watu walionikanyaga. Yule kijana sikumwomba. Nikapokea kadi ya kupandia, nikaambiwa sanduku langu kubwa litakuja na ndege ya mchana, nikaenda.

Njia ya kwenda kwenye ndege ilipita kando ya ukuta wa kioo, na kupitia hapo niliuona tena ukumbi. Wifi alikuwa amehama. Amekwenda kukaa chini kabisa ya kibao cha mlango wake, amenyooka, mkoba ameukumbatia, na yule baba amemfuata na mizigo yake kwa umbali wa viti vitatu, kanuna. Nikapunga mkono. Aliniona. Akageuza uso upande wa duka la manukato.

Nilikuwa bado sijafunga mkanda simu ilipolia. Mume wangu.

"Umemfanya nini dada?"

"Nimechukua pasipoti yangu."

"Anasema hatazungumza na wewe tena."

"Ameshaanza?"

"Bado. Kwa sasa anazungumza na mimi kuhusu wewe. Na mama amenipigia. Ungesubiri tu, jamani, kazi zipo nyingi, ungesubiri—"

Mhudumu alikuwa amesimama juu yangu, ananionyesha simu kwa kidole. Nikaizima mume wangu akiwa katikati ya sentensi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, yote miwili, na gego la nta halichongwi na mikono inayotetemeka. Nikaiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine, nikaanza kuisubiri itulie.