Boti ya Takawiri

Bunge letu la Migori halikuwa na spika wala rungu. Lilikuwa na benchi langu la kushonea viatu, kwenye baraza ya duka lililofungwa karibu na daraja, na gazeti moja la watu tisa. Mwenye macho mazuri alisoma kwa sauti, sisi wengine tukasubiri aya iishe ndipo tugombane. Tuligombana kwa Kiswahili kwa sababu Mwikwabe ni Mkuria, Angwenyi, Mungu amrehemu, alikuwa Mkisii, na mimi ni Mluo wa kisiwani. Hakuna aliyekubali kutukanwa kwa lugha asiyoielewa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini jasusi wa D.O., mkuu wa tarafa, aliketi nasi kila siku. Tulimjua, tulimwekea kigoda chake. Wiki moja hakuonekana, tukatuma mtu akamwangalie nyumbani. Aliyetumwa akarudi akasema, ndiyo, ana malaria, na anauliza tumefika wapi na habari ya mkopo wa Benki ya Dunia.

Nawakumbuka watu wale kuliko ninavyowakumbuka jamaa zangu wengine. Leo mtu anakuja na simu, anasoma mstari mmoja, anatukana, anaenda zake. Sisi tulikuwa na kumbukumbu. Mwikwabe aliweza kuwataja mawaziri wa fedha wote tangu uhuru kama mtu anayetaja wajomba zake, na kila mmoja alimtetea. Amekuwa upande wa serikali tangu nimjue. Serikali zimepita, yeye hajahama. Mimi sijawahi kuwa upande huo hata siku moja, na nadhani ndiyo maana tumezeeka pamoja.

Basi Machi mwaka huu Phelesia akanipigia simu. Phelesia ni binti wa marehemu kaka yangu, muuguzi katika zahanati ya Takawiri, kisiwa tulichozaliwa.

"Baba," akasema, "wanakata boti."

"Boti gani?"

"Kwani tuna ngapi? Ya wagonjwa. Kwenye bajeti mpya mafuta hayako, dereva hayuko. Wanasema ni kubana matumizi, eti madeni yamezidi. Jumatano kuna kikao cha maoni ya wananchi mjini Mbita. Mimi nimeajiriwa na kaunti, nikifungua mdomo naandikiwa barua. Watu wa kisiwa wamesema uje wewe. Wanasema wewe ndiye unajua kuongea."

Sikumuuliza boti ile ina umuhimu gani. Mama yake Phelesia alifia ziwani mwaka wa tisini na nne, kwenye mtumbwi wa makasia, mtoto amekaa vibaya tumboni na hospitali ya Mbita bado iko mbali. Phelesia alikuwa na miaka minane. Alibaki ufukweni ameshika leso ya mamake, akingoja mtumbwi urudi.

Na nimeishi vya kutosha kujua kisu cha serikali huanzia wapi. Waliposema wanabana matumizi zamani zile, hospitali zikaanza kulipisha mgonjwa hata kadi. Waliposema tena, kaka yangu, aliyefunga vidonda vya watu kwa miaka kumi na tisa, akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Chaki imekatwa, dawa ya ng'ombe imekatwa. Sijawahi kusikia kwamba imekatwa chai ya mkutano.

Nikafunga benchi. Mwikwabe akasema atanisindikiza.

"Wewe unaenda kufanya nini?" nikamuuliza. "Utatetea bajeti?"

"Naenda kula samaki," akasema. "Na kuona kama ukiwa kwenu pia unapiga kelele."

Ukumbi wa Mbita ulijaa. Kila ufuo na kila kikundi kilikuwa kimetakiwa kuandikisha msemaji mmoja mlangoni. Chini ya Takawiri liliandikwa jina langu. Watu kumi na watano wa kisiwa walikuwa wameketi nyuma yangu na nguo za kanisani, akina mama wengi wao, na kila nikigeuka wananitazama. Phelesia alisimama ukutani na sare yake, mikono nyuma.

Aliyeongoza kikao ni binti wa ofisi ya bajeti anayeitwa Beverly, mwenye sauti ya upole na kitabu kinene. Akasema tutakwenda ukurasa kwa ukurasa. Kila msemaji ana nafasi moja tu, dakika tatu, asitoke nje ya ukurasa.

Hatukufika hata ukurasa wa tano. Mtu mmoja aliinuka katikati bila kuitwa, mnene, amevaa fulana yenye picha ya marehemu Mheshimiwa Rading'. Alikuwa Gordon, mchuuzi wa samaki, msemaji wa wachuuzi wa Mbita.

"Kabla ya kukata chochote," akapaza sauti, "tuambiwe nani alituletea haya madeni! Si ni Nyambok? Si yeye alikuwa anainua mkono Bungeni kila mkopo ukiletwa? Rading' alikuta nyumba imeshauzwa!"

Ukumbi ukapasuka. Nyambok ndiye aliyekuwa mbunge wetu miaka ya tisini, na mimi nilimpigia kampeni kwa miguu, kutoka ufuo mpaka ufuo. Yeye ndiye aliyefanya harambee ya boti baada ya kifo cha mama Phelesia. Rading' alimwangusha kwenye uchaguzi, nami sikumsamehe Rading' akiwa hai wala alipozikwa.

Nikajikuta nimesimama. Nikaitaja namba yangu ya usajili. Nikaanza.

Mungu anisamehe, niliongea vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilitaja mikopo mwaka kwa mwaka, nani aliunga mkono, nani alikuwa chooni wakati wa kura. Nilimtaja Rading' na mkopo wa reli na mkopo wa kulipa mkopo. Nilisema Nyambok alikufa na makoti mawili, na huyu mwingine alizikwa na misafara ya magari. Upande wetu wakapiga meza. Upande wa Gordon wakazomea. Beverly akatazama saa, akaniacha, kwa heshima ya mvi. Nilipoketi jasho lilikuwa linanitoka, na moyo wangu ulikuwa kijana wa miaka thelathini pale daraja la Migori.

Mwikwabe akaniinamia sikioni.

"Levi. Na boti je?"

Nilihisi macho ya watu kumi na watano mgongoni.

Ilipita saa nzima. Kisha Beverly akafungua ukurasa wa arobaini na moja. "Usafiri wa majini, zahanati ya Takawiri. Mafuta na dereva, sufuri. Kuna maoni?"

Nikainua mkono.

"Mzee wangu," akasema, na nilimwona amesikitika kweli, "wewe umeshaongea."

"Nipe dakika moja tu, binti yangu."

"Nikikupa wewe nitawapa wote. Kuna msemaji mwingine wa Takawiri? Hakuna? Basi tunywe chai, dakika kumi. Tukirudi nafunga ukurasa huu."

Watu wakainukia soda na mkate. Phelesia hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alipita karibu yangu akasema kwa sauti ndogo, "Baba, tulikuita useme kitu kimoja," akaenda kusimama mlangoni akitazama ziwa.

"Huyo mnene," Mwikwabe akasema, "kelele zote zile alipiga bila kuitwa. Nafasi yake bado iko."

"Yule? Nikamwombe yule?"

"Ndugu yangu, miaka thelathini na tano nimekusikia ukisema uko tayari kufa kwa ajili ya wananchi. Hujaambiwa ufe. Umeambiwa utembee hatua kumi."

Nikatembea. Gordon alikuwa na mkate mkono mmoja na soda mkono mwingine, amezungukwa na watu wake.

"Omera, ndugu yangu," nikasema, "nina ombi."

"Haa! Sikieni! Nyambok amefufuka anataka msaada!" Watu wake wakacheka. "Sema, jaduong', mzee wangu, nakusikia."

Nikamweleza. Akatafuna polepole, akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Nitaongea," akasema. "Lakini wewe umemtukana marehemu wangu mbele ya ukumbi mzima. Basi mpake. Mbele ya ukumbi huohuo."

Wajaluo wanaelewa. Wengine niwaeleze: kwenye sherehe zetu za nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, muziki husimamishwa, mtu huinuka akamtaja rafiki yake kwa majina ya sifa, watu wote wakisikia. Ndiyo pakruok. Mimi nimewapaka marafiki, nimempaka ng'ombe, kuna siku nimepaka hata kiatu. Rading' sikuwahi.

"Si kwa kunong'ona," Gordon akaongeza. "Panda kiti."

Nikapanda kiti cha plastiki. Mwikwabe akakishika miguu. Kelele zikapungua, vikombe vikatulia.

"Rading'!" nikaanza. "Mwenye vijiko viwili mezani! Rading' ambaye jirani alishiba kwa kumtazama tu!"

Watu wa upande wangu wakaangua kicheko. Gordon hakucheka.

"Hayo ni matusi yaliyovaa tai," akasema. "Anza upya, au shuka."

Nikafungua mdomo, nikatazama mlangoni, nikaona mgongo wa Phelesia. Ndipo likanijia jambo ambalo nilikuwa nimelikalia miaka kumi na minane, na benchini kwangu sikulisema hata siku moja, kwa sababu lilikuwa linaharibu hoja zangu zote.

Boti ya Nyambok ilikuwa nzuri, lakini injini yake ilikufa mapema, ikabaki kuvutwa kwa makasia kama mtumbwi ule wa zamani. Mwaka wa elfu mbili na nane Rading' alileta injini mpya. Mimi nilikuwa nyumbani kwa mazishi. Ilifika na boti ya mizigo, maji yakawa kidogo ufukweni, boti hiyo haikuweza kusogea. Vijana wakauliza watalipwa nini kuibeba. Rading' alikunja suruali, akaingia majini na viatu vyake vya Nairobi, akaweka bega. Watu watatu wakaona haya, wakamfuata. Aliteleza kwenye mawe akapasua mguu, na hakuiachia injini. Baadaye aliketi juu ya mashua iliyopinduliwa, anavuja damu, akauliza kama kuna fundi wa viatu, maana soli imetoka na anaenda mazishini. Nikamshonea. Hakujua mimi ni nani. Alinishukuru, akaniuliza watoto wangapi wa kisiwa hiki hawana mama.

Nikasema hayo yote nikiwa juu ya kiti. Halafu nikampaka.

"Rading', mwana wa Takawiri kwa siku moja! Rading' aliyekuja na tai akarudi na tope! Bega lililobeba chuma wakati vijana wanauliza bei! Rading', damu yako iko kwenye mawe yetu! Mimi Levi niliyekushonea kiatu, nikakutukana miaka kumi na minane, leo nakutaja!"

Mama mmoja wa kisiwa akapiga kigelegele, wenzake wakadaka.

"Levi amenunuliwa!" akapiga kelele mtu wa upande wangu.

"Kwa soda gani?" mwingine akamjibu. "Hata mkate hajala!"

Gordon alikuwa amevua kofia. "Hiyo ya kiatu sikuijua," akasema, si kwangu hasa.

Tulipoketi tena, akasimama na kutaja namba yake. Hakumtaja Rading'. Hakumtaja Nyambok.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema. "Mke wangu Leonida ni wa Takawiri. Alikuwa kwao alipopata uchungu wa mtoto wetu wa tatu. Aliletwa na boti hiyo. Wote wawili wako nyumbani saa hii. Dereva arudi, mafuta yarudi. Kama mnatafuta cha kukata, kateni hii soda. Nimemaliza."

Hakuwa ametumia hata dakika moja. Beverly akaandika, akasoma alichoandika, akauliza nani anaunga mkono. Sijawahi kuona mikono ya kambi mbili ikiinuka pamoja. Nilitafuta mkono ambao haukuinuka, nikaona wa Mwikwabe tu, ambaye si wa kaunti ile, ameukalia ili usimponyoke. Bajeti ilipopitishwa Juni, mafuta yalikuwamo na dereva alikuwamo. Walikata mahali pengine, na huko pia tutaenda.

Jioni ile tulishuka ufukweni tupande boti twende kisiwani. Nilikuwa nimeshaweka mguu ndani simu ya Phelesia ilipolia. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, akatugeukia.

"Shukeni nyote. Kuna mama, mtoto ametanguliza mguu. Boti nyepesi ndiyo inakimbia."

"Hata mimi?" nikauliza.

"Hata wewe, baba."

Tukashuka. Akaruka ndani na mkoba wake, dereva akavuta kamba, wakaondoka. Tukabaki tumesimama, viatu vimelowa, tukimtazama mtoto wa kaka yangu anavyopungua juu ya maji. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda popote. Gordon, ambaye meza yake ya samaki iko pale pale ufukweni, alitoa kreti tatu za samaki, tukaketi, yeye, Mwikwabe na mimi.

Gordon akakohoa.

"Lakini jaduong', ule mkopo wa tisini na tatu, Nyambok aliupigia kura."

"Wewe tisini na tatu ulikuwa wapi?"

"Darasa la sita."

"Basi sogeza kreti nikufundishe."

"Asifundishwe na huyu," Mwikwabe akasema. "Mkopo ule ulikuwa mzuri sana, shida ni kwamba haukutosha."

Tukamrukia wote wawili. Nilijisikia kama mtu aliyerudi kwao. Tulikuwa tumefika kwenye bajeti ya tisini na saba, na Mwikwabe amesimama anaapa kwa jina la babake, tuliposikia mlio wa injini unakuja kutoka upande wa kisiwa. Tukanyamaza, tukakunja suruali, tukaingia majini kumpokea yule mama.