Harusi ya Tarehe Iliyofutwa

Enzi zile wafalme walipokuwa wakigawana bahari ambazo hata hawajaziona, mfalme mmoja aligundua kalenda yake imeachana na jua kwa siku kumi. Akatoa amri: mwezi huu watu wakilala tarehe nne, waamke tarehe kumi na tano. Basi, hakuna mjadala.

Amri ikapelekwa kwa Mzee Wino, mpiga chapa, atoe kalenda mia mbili. Bwana huyu alikuwa na kasoro ya mafundi wa kazi yake: miaka thelathini alipanga herufi moja moja, tena kinyumenyume, bila kusoma zinasema nini. Angeweza kupanga hukumu yake mwenyewe ya kunyongwa, akalalamikia tu herufi zilizochakaa. Akapanga nne, akapanga kumi na tano, akapiga chapa, akaenda zake kunywa supu.

Asubuhi ya tarehe nne mkewe akaisoma kalenda ya ukutani, akapiga yowe hadi paka akarukia dirishani.

"Mume wangu, tarehe kumi iko wapi?"

"Tarehe kumi ipi?"

"Ya harusi ya mwanao!"

Mzee Wino akahesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu. Mkwe wake mtarajiwa alikuwa mpishi wa meli, na meli hiyo ilikuwa ing'oe nanga tarehe kumi na tano, safari ya miaka mitatu kuizunguka dunia. Tarehe kumi na tano sasa ilikuwa kesho.

Akatoka mbio na aproni yake kiunoni hadi kwa karani wa ndoa.

"Tufungishie leo, ndugu yangu. Nakuomba."

"Ilani inasema tarehe kumi," karani akajibu. "Leo nne. Mimi nafuata kilichopigwa chapa, mzee wangu, sifuati machozi."

"Lakini hiyo kumi haipo!"

"Basi na harusi haipo."

Alirudi karakanani akimlaani mfalme, jua na kidole chake mwenyewe. Binti yake alikuwa amekaa juu ya bunda la karatasi, analia kwa kwikwi. Mzee Wino aliona uchungu usio na mfano, maana yeye ndiye aliyeifuta siku ya mtoto wake. Kisha maneno ya karani yakamrudia. Kilichopigwa chapa! Akazipangua herufi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasoma anachopanga: tatu, na baada ya tatu, kumi.

"Futa machozi," akamwambia binti. "Nipakie wino."

Mchana karani akaletewa karatasi bado mbichi. Akaitazama, akaigeuza, akainusa. Imepigwa chapa kweli. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, mama mtu akalia kuliko bibi harusi.

Alfajiri bwana harusi akabeba fuko lake kwenda bandarini. Haukupita muda, huyo karudi.

"Nahodha kanifukuza. Ananiuliza nina haraka gani na leo ni kumi na moja tu. Eti kalenda imebandikwa pale langoni."

Mzee Wino alikuwa na hakika kwamba alitoa karatasi moja tu. Akamgeukia binti yake. Vidole vya binti vyote vilikuwa vyeusi.

"Ulipoondoka na yako, baba, nikaona mtambo umekaa bure," alisema, huku akimtua mumewe lile fuko.

Mzee Wino alifungua mdomo amkemee, akaishia kuhesabu kwa kidole: kumi na moja hadi kumi na nne. Mfalme mzima, na majeshi yake, alikuwa ameiba siku kumi. Mtoto huyu kamnyang'anya nne.