Ongeza Vidole Vitatu

Wanangu walitulipia siku tatu kwenye mji wa milimani ili mimi na baba yao tuagane vizuri. Nalisema mapema usije ukadhani tulikwenda kula raha.

Walikaa kikao wao wawili, binti yangu na kaka yake, sebuleni kwangu, juu ya makochi niliyoyashonea foronya kwa mikono yangu, wakaamua. Mimi nihamie kwa binti nikamlee mjukuu. Baba yao ahamie kwa mtoto wa kiume, mji mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima kwa basi. Duka letu la ushonaji lifungwe. Cherehani ije na mimi, eti nisikae bure. Meza ya kukatia iende stoo kwa kaka. Miaka thelathini na mmoja tumefanya kazi meza moja, yeye anakata mimi nashona, hata mtaani yeye wanamwita Mkasi na mimi Sindano. Wakatugawana kama vyombo vya marehemu, na sisi tupo hapo hapo tunawatazama.

Ningesema siku ile ile. Mimi si mtu wa kumeza maneno, muulize mteja yeyote. Lakini nilimwangalia mume wangu, nikamwona ameinamisha kichwa, nikadhani amekubali. Basi na mimi nikaitika, shingo upande. Ufunguo wa duka tu ndio sikuutoa. Nilimwambia binti nitampa tukirudi, nikautia kwenye pochi.

Huko milimani kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Nyumba ya wageni ilikuwa ya mbao, na mwenyewe alikuwa mama mmoja mwenye sweta zito na funguo zinazolia kiunoni. Alitupa chumba cha juu, akasema dirisha lake ndilo linaloonyesha mlima vizuri. Sawa, mlima ulikuwepo. Lakini mapazia ya dirisha lile yalikuwa marefu kupita kiasi, yote mawili, yanaburuta sakafuni na kuzoa vumbi. Siku ya kwanza nzima tulikaa kitandani tumejifunika blanketi, tunayatazama mapazia badala ya mlima.

"Nani kayashona haya?" akasema mume wangu.

"Mtu asiye na haya," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno tuliyozungumza. Ya kuhama hakuna aliyeyagusa.

Asubuhi ya pili nilikwenda kuoga. Niliporudi, nikakuta mume wangu ameshaongea na mwenye nyumba, ameshusha pazia la kushoto, amelikata, amelipachika tena. Mkasi wake hauachi hata akienda hospitali. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mkasi bado mkononi. Pazia lilikuwa fupi. Lilining'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

"Nimepima mara mbili," akasema. "Mara mbili, mwenzangu."

Nikachukua futi ya kupimia, kisha nikaiweka, nikapima kwa mkono. Limepungua vidole vitatu. Vidole vyangu vitatu kamili.

Nikakaa kitandani. Tangu tufungue duka, kazi yetu inakwenda hivi: yeye anapima na kutaja kipimo, mimi niko upande wa pili wa meza, namwambia, "Ongeza vidole vitatu." Napenda pindo pana, nguo ipate uzito. Kumbe miaka ilivyopita alizoea kutaja pungufu, akijua nitaongeza. Hatukuwahi kulizungumza. Nguo zote zile, kila suruali na kila gauni la harusi, hakuna hata moja aliyoikata peke yake.

"Nilikungoja useme," akasema. "Halafu nikasahau kwamba hupo."

Nilijikaza nisilie, sikuweza.

"Kwa mwanao sitaki kwenda," akasema.

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Nilikuona umenyamaza. Nikajua umeshachoka na mimi."

"Wewe mzee, huna akili," nikamwambia, nikampangusa uso kwa taulo langu la kuogea, ingawa mwenye machozi nilikuwa mimi.

Simu ikaita hapo hapo. Binti. Nikaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo, mama. Mnapumzika?"

"Marahaba."

"Gari la mizigo limepatikana mapema, liko hapa nje ya duka. Ufunguo umemwachia nani?"

"Ninao."

"Milimani? Basi usijali, namwita fundi avunje kufuli, tutaweka jipya."

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Vunja hilo kufuli," nikamwambia taratibu, "halafu utafute mtu mwingine wa kumwita mama. Cherehani haitoki humo. Baba yako hahami, na mimi sihami."

"Lakini mama, mlikubali."

"Tulinyamaza. Sasa tumemaliza kunyamaza."

"Na mtoto nitamwacha na nani?"

"Mlete dukani asubuhi, jioni umchukue. Wewe na kaka yako mmeota meno chini ya meza ile, na hakuna aliyekufa."

"Baba anaumwa goti, mama. Tunawafikiria nyie. Nipe baba niongee naye."

Mume wangu akainama kwenye simu. Kwa watoto yeye ndiye mpole, ndiye wanayemkimbilia mimi nikikataa.

"Mwanangu," akasema, "goti ni langu. Rudisha gari."

"Na siku mlizotulipia," nikaongeza, "tutazimaliza zote." Nikakata simu.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Sijui alianza kusikia wapi.

"Yote mazuri," akasema. "Na pazia langu?"

"Kile kipande alichokata nitakirudishia kwa sindano, vidole vitatu tu," nikamwambia. "Mshono utautafuta kwa miwani. Na hilo lingine tunalipima sasa hivi, wote wawili."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akavuta kiti akakaa kusimamia. Hakutuamini, na simlaumu.

Mume wangu akapiga goti, lile lile bovu, akaivuta futi kutoka juu mpaka sakafuni. Akataja kipimo. Nilijua ni pungufu, na yeye alijua.

"Ongeza vidole vitatu," nikasema.

Akauchukua mkono wangu, akaulaza juu ya kitambaa, akapiga chaki kando yake.