Bawaba za Inchi Nne

Neno lenyewe lilikuwa orange. Binti alilileta nyumbani Ijumaa mchana likiwa limeandikwa kwenye kikaratasi, akakiweka juu ya meza ya kazi katikati ya maranda, kisha akaketi juu ya kopo la rangi na kushika tama. Mama yake alikisoma. Neno lile alilijua, na mwandiko ule aliujua.

Mama huyo alikuwa fundi seremala, tena wa milango, na mtaani walimwita Mama Randa. Aliyeandika alikuwa mwalimu wa Kiingereza ambaye wanafunzi wa vizazi viwili walimwita Mwalimu Kamusi, akishageuza mgongo. Kila mwaka Mwalimu Kamusi alilichuja darasa lake. Kila mtoto alipewa neno la Kiingereza na siku tatu za kulitafutia neno jingine la kulipa kina, yaani linaloishia kwa sauti ileile. Aliyepata alibaki mkondo wa kwanza, ambao ulifundishwa mpaka mtihani wa sekondari. Aliyekosa alishushwa mkondo wa pili, na kazi kubwa ya mkondo wa pili ilikuwa kufagia uwanja. Watoto aliowapenda aliwapa cat na tree. Waliomchosha aliwapa orange, kwa sababu alijua fika kwamba neno hilo halina mwenzake.

Binti huyu alimchosha. Alikuwa na maswali kama mfuko wa misumari, ukiutikisa tu linatoka jingine.

"Na wewe alikupa hilihili?" binti aliuliza.

"Hilihili."

Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita tangu Mama Randa, baada ya kusoma wiki saba tu, asimame mbele ya darasa lile, mdomo wazi, kisha akaonyeshwa mlango. Mkondo wa pili hakwenda. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake na hakurudi tena shuleni. Watu wakasema mtoto yule anapenda mbao. Uongo mtupu. Mbao alizipenda baadaye. Mwanzoni alikuwa na hasira, na karakanani angalau unaruhusiwa kugonga.

"Jumatatu siendi," binti alisema.

"Utakwenda. Tena tutakwenda wote. Mwalimu mkuu ameniita niutengeneze mlango wa darasa lenu."

Mlango huo ulijulikana shule nzima. Tangu ulipopachikwa ulikuwa unakwama, na kila asubuhi watoto watatu walipaswa kuusukuma kwa mabega ndipo watu waingie.

Jumamosi nzima walimtafuta mwenzake wa orange. Mama alipiga randa, binti alisoma kwa sauti kutoka kwenye kamusi ya kuazima.

"Porridge."

"Mwanzo linashika," mama alisema bila kuinua kichwa. "Mwishoni linaachia."

"Storage. Courage."

"Ndugu wa huyohuyo. Andika."

"Syringe."

"Hilo mwisho linashika, mwanzo umepotea. Andika nalo."

Kufikia jioni walikuwa na ukurasa mzima wa maneno yaliyokaribia, na hata moja lililofika. Binti akaanza kulia kimyakimya. Mama yake alimtazama, akaona heri aendelee kupiga randa kuliko kusema alilokuwa nalo moyoni juu ya mwalimu wa watu.

Jumapili alipanga vifaa vyake. Randa, patasi, bisibisi, kisha sanduku jipya la bawaba. Kiingereza chake chote alikipata kwenye masanduku, na mazoea yake yalikuwa kuyasoma kwa sauti kabla ya kuyafungua, asije akabeba kitu kisichohitajika. Akasoma polepole: door hinge. Chini yake: four inch. Akasoma tena, haraka kidogo.

Kalamu ya binti ilisimama. "Mama, rudia."

Akarudia. Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka mbavu zikauma, wakayaimba maneno yale wakizunguka meza, orange, door hinge, four inch, hata jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Atasema ni maneno mawili," binti alisema alipopata pumzi. "Atasema halijalingana kabisa."

"Atasema," mama akajibu. "Wewe soma."

Jumatatu asubuhi Mama Randa aliung'oa mlango wa darasa na kuulaza juu ya vibao vyake ukumbini. Ndani, Mwalimu Kamusi alikuwa anachuja. Watoto wawili wengine waliopewa orange walikuwa wameshatolewa na kusimama ukumbini, migongo ukutani, vichwa chini. Kisha Mama Randa akasikia jina la binti yake likiitwa, na sauti ile nyembamba ikasoma bila kutetemeka:

"My mother came and peeled an orange, then gave our class a new door hinge."

Darasa likashangilia.

"Kimya," mwalimu alisema. "Hayo ni maneno mawili, na sauti hazilingani kamili. Limekaribia, na kukaribia si kufika. Toka nje, na ufunge mlango."

Watoto waligeuka kuutazama mlango usiokuwepo, wakaangua kicheko. Mama Randa aliingia na randa mkononi, maranda yamejaa kwenye nywele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, niko darasani."

"Na mimi niko kazini. Unajua kwa nini mlango wako ulikuwa unakwama? Aliyeupachika aliukata ukalingana kamili na fremu. Hakuacha hata upenyo wa unywele. Mlango wa namna hiyo ni ukuta. Nimeupunguza milimita tatu kila upande. Sasa umekaribia tu, na ndiyo maana utafunguka."

"Hayo ni mambo ya mbao."

"Haya, tuache mbao. Tupe lako lililolingana kamili. Nimelisubiri miaka ishirini na sita."

Mwalimu alimtolea macho, na taratibu uso wake ukabadilika. "Wewe ulikuwa..."

"Kiti cha dirishani. Wiki saba. Neno lako, mwalimu."

Watoto arobaini walikuwa wanamtazama mwalimu alivyosimama mbele yao, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Halipo," alisema hatimaye.

"Ulikuwa unatudai kitu ambacho wewe mwenyewe huna." Mama Randa alimgeukia binti yake. "Kaa." Kisha akachungulia ukumbini. "Na nyinyi wawili, ingieni. Neno mmeshalisikia."

Wakaingia. Wakakaa.

"Nitakwenda kwa mwalimu mkuu," Mwalimu Kamusi alisema, lakini miguu yake haikwenda popote.

"Pita tu. Njia nyeupe."

Aliubeba mlango, akaupachika, akakaza skrubu moja baada ya nyingine bila haraka. Alipomaliza aliusukuma kwa kidole kimoja, ukafunguka. Akafuta mikono kwenye aproni, akatembea katikati ya madawati hadi kwenye kiti cha dirishani, ambacho kilikuwa kitupu, akakaa na randa yake mapajani.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Hii ni wiki ya nane."